Kanali hajamuuma mtu

Ukifuga Rottweiler, mbwa mkubwa wa mbegu ya Kijerumani, hapa Tanga, mtaa unakuandikia wasifu wako bila kukuuliza. Nimeshaambiwa nauza unga. Nimeshaambiwa nina bwana wa Kijerumani anayeingia usiku na kutoka alfajiri, ndiyo maana simtaki mtu awe karibu na geti. Kijana mmoja wa bodaboda, tena kwa adabu zake zote, aliniuliza, "Samahani mama, eti ni kweli huyo mbwa analinda mizigo ya watu?" Mizigo ipi, hakusema. Mimi ni fundi cherehani. Ndani nina vyerehani viwili na majora ya vitambaa vya wateja, na baada ya wezi kupita navyo mara moja, kaka yangu akaniletea Kanali kutoka Arusha, kitoto cha mbwa ndani ya katoni la maji ya kunywa.

Sasa katoni hilo haliwezi kumfunika hata kichwa. Ni mweusi tii, na madoa ya kahawia juu ya macho, na kifua kama cha mbeba magunia wa bandarini. Tukitoka jioni kuelekea ufukweni Sahare, njia inajisafisha yenyewe. Mama aliyevaa baibui anakusanya pindo na kupanda barazani kwa mtu asiyemjua. Watoto waliokuwa wakicheza kombolela wanapotea wote kwa mpigo, kisha vichwa vinachungulia kwenye kona ya ukuta na mmoja anapiga kelele, "Kanali! Kanali!" ili aonekane shujaa mbele ya wenzake. Kanali anageuka kwa sababu ameitwa. Watoto wanakimbia tena. Yeye anarudi kunusa michongoma, ambayo kwa kweli ndiyo inayompendeza kuliko binadamu wote wa mtaa huu.

Wakati huohuo, hatua chache mbele, mbwa koko watatu wamelala katikati ya njia na kila mtu anawapita. Mmoja wao, yule mwenye sikio lililochanika, ameshamuuma mtoto wa shule. Watu walisema, "Ah, mtoto alimkanyaga." Na huenda ni kweli. Lakini ninavyoujua mtaa wangu, mtoto yule angemkanyaga Kanali tungekuwa tumeshaitishwa kikao, na mimi ningekuwa nahama.

Hili ndilo linaloniudhi. Sikatai watu kumwogopa mbwa, maana mwenye akili lazima aogope mnyama mwenye meno yale. Naudhika kwa sababu mmoja anaulizwa alichofanya na mwingine anaulizwa mbegu yake. Na swali la mbegu likishajibiwa, hakuna anayejisumbua na maswali yenye maana: amechanjwa? Anafungwa kutwa nzima? Nani alimlea, na alimlea ili amfanyie nani nini?

Ukitaka kuona jinsi mbegu inavyobeba lawama kwa zamu, tazama huko mbegu zenyewe zilikotoka. Leo mtu akitaja German Shepherd anamfikiria askari, au mbwa wa kuongoza kipofu. Mwaka 1929 Australia ilipiga marufuku kuwaingiza mbwa hao nchini, na marufuku ikadumu hadi miaka ya 1970. Wafugaji wa kondoo walidai ni nusu mbwa mwitu, kwamba watazaana na dingo, mbwa wa porini wa huko, na kumaliza mifugo. Na Waingereza, baada ya vita vile vya 1914 hadi 1918, hawakutaka hata kulisikia jina lenye Ujerumani ndani yake, wakamwita mbwa yuleyule Alsatian. Sisi wa Tanga vita hivyo tunavijua kwa jambo lingine: Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka hapa kutoka baharini, likachapwa, na nyuki wakamalizia kazi. Mbwa hawamo katika kisa hicho, ila nimeshindwa kujizuia.

Baada ya German Shepherd ikaja zamu ya Doberman, halafu Rottweiler, halafu pitibuli. Kila kizazi kina mbwa wake wa kuogopa, na yule wa kizazi kilichopita anasamehewa kimyakimya bila mtu kueleza alitubu lini.

Pitibuli ndiye aliyetungiwa sheria nyingi zaidi. Uingereza mwaka 1991 ilipitisha sheria ya mbwa hatari na kutaja aina 4: pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Kichekesho ni kwamba mbwa hapimwi kwa wazazi wake wala damu yake. Anapimwa kwa macho na kwa futi: kichwa, kifua, miguu. Mama yake anaweza kuwa mbwa wa kuwaokotea wawindaji ndege, lakini yeye akitoka na taya pana, basi ni pitibuli. Miaka ikapita, na waliolazwa hospitali huko England kwa kuumwa na mbwa wakazidi kuongezeka badala ya kupungua. Dawa ikawa ni kuongeza jina la tano: XL Bully. Tangu tarehe 1 Februari 2024, kumfuga huyo England na Wales bila cheti maalumu ni kosa la jinai. Waholanzi walikuwa na sheria ya namna hiyo dhidi ya pitibuli tangu 1993. Mwaka 2008 serikali yao ikatangaza kuiondoa, kwa kuwa kuumwa hakukupungua. Waliona bora kumwangalia mbwa mmojammoja na mwenye mbwa.

Na wanasayansi nao wakaingia. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani uliokusanya majibu ya wafugaji wa mbwa zaidi ya 18,000, na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, wenye mbegu safi na machotara. Walichokuta ni kwamba mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Ule wepesi wa kuchokozeka, ambao ndio tunaouogopa, ulikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mbegu haikusaidia karibu chochote kuvitabiri.

Nilimsomea haya muuza bucha wangu wa Ngamiani, ambaye hunikatia mapupu ya Kanali. Yeye ni mtu wa kusikiliza huku panga likiendelea kufanya kazi. Alipomaliza kilo ya mteja mwingine akasema, "Asilimia tisa sawa. Lakini mdomo ule dada yangu, ni asilimia mia."

Hapo ana haki, na anayefuga mbwa mkubwa akikukatalia hilo anakudanganya. Koko akikuuma anakuachia matundu. Mbwa wa kilo 50 akikuuma anaondoka na kitu. Mwili ni hoja. Lakini hoja ya mwili inatupeleka kwenye ukuta, geti, kamba na mafunzo. Haitupeleki kwenye kumwita mwenye mbwa muuza unga.

Nikamweleza pia kwamba Kanali ni mtu wa kazi yake hasa. Rottweil ni mji wa kusini mwa Ujerumani, na mbwa hawa walikuwa wa wachinjaji wa huko: waliswaga ng'ombe kwenda mnadani na kuvuta vijigari vya nyama. Reli ilipochukua kazi ya kusafirisha mifugo, mbwa wakakosa ajira, wakakaribia kutoweka, mpaka polisi walipoanza kuwachukua mwanzoni mwa karne ya 20. Muuza bucha alicheka mpaka akaweka panga chini. Tangu siku hiyo mapupu yangu yanafungwa pamoja na kipande cha mfupa, "cha mwenzetu." Ila Kanali mwenyewe akitokea pale nje, bado ananiambia nimfunge kwenye nguzo ya ng'ambo.

Dhana dhidi ya mbwa hapa kwetu ina mizizi miwili, na watu huichanganya.

Wa kwanza ni dini, na hapo lazima niseme kwa uangalifu, kwa sababu mimi mwenyewe ni Mwislamu na nimelelewa kwa madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani hii. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo nalifanya. Kanali ana banda lake nyuma, ana sufuria yake, ana mwiko wake, na mimi nina nguo zangu za kumhudumia ambazo haziingii ninaposalia. Kwa Wamaliki habari ni nyingine, wao wanamhesabu mbwa kuwa twahara, si najisi, lakini siwezi kubadili madhehebu kwa sababu ya uvivu wa kufua.

Nilikwenda kwa shekhe wa msikiti wetu mapema kabisa, Kanali akiwa bado mdogo, kabla watu hawajamfikishia habari kwa tafsiri yao. Alikuja mwenyewe kumtazama.

"Shikamoo shekhe."

"Marahaba mwanangu. Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mweusi hasa."

Nikajua anachokifikiria, maana ipo hadithi ya Mtume kwamba mbwa mweusi ni shetani, na wanaopenda kuinukuu ni wengi. Lakini shekhe alikuwa na mengine. Akanikumbusha kwamba mbwa wa mawindo, wa mifugo, wa shamba na wa ulinzi wameruhusiwa. Akanikumbusha Sura al-Kahf, wale vijana wa pangoni na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni, na yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. "Najisi ni hukumu ya usafi," akasema. "Hata damu yako ni najisi, na huichukii. Huyu mpe maji, mpe chakula, usimweke anapotisha wapita njia. Ukimfunga jua kali, dhambi ni yako." Kisha akarudi nyuma hatua tatu, kwa sababu Kanali alikuwa amesimama ili amnuse kanzu. Fatwa ni fatwa, na kanzu nyeupe ni kanzu nyeupe.

Mzizi wa pili hausemwi sana, na kwangu ndio mkubwa zaidi. Hapa Tanga mbwa wakubwa wa mbegu tuliwajua wakiwa upande wa pili wa ukuta. Babu yangu mzaa mama alikuja kutoka bara kama manamba, akakata mkonge katika shamba moja la njia ya Korogwe. Meneja wa pale alikuwa na mbwa wawili. Babu hakuwahi kutuambia walikuwa mbegu gani; alichotuambia ni kwamba walikula nyama kila siku na yeye hakula, na kwamba jioni ya kuhesabu matita, ukibishia hesabu, mbwa walifunguliwa minyororo. Hawakuhitaji kuuma. Ilitosha wasimame.

Sasa ukoo mzima uliolelewa kwa kisa kile, umwambie nini kuhusu vinasaba? Mama yangu hadi leo akija kunitembelea anapiga simu akiwa kituoni, "Umemfunga huyo mnyama?" Simlaumu hata kidogo. Ninachojaribu kumwonyesha ni kwamba kwenye kisa cha babu mtu mwenye hatia yumo na ana jina, alikuwa ameshika mnyororo. Tukiwatupia mbwa lawama, yeye anatoka msafi.

Na mashamba yale yalipofifia, desturi haikufa, ilihamia mjini. Tembea Raskazone, kwa wenye nazo, uone mageti. MBWA MKALI, imeandikwa kwa rangi nyekundu, pengine na kichwa cha mbwa kilichochorwa na mtu ambaye ni wazi alizoea kuchora simba. Nyuma ya geti yuko mbwa aliyeingia pale akiwa na wiki sita na hajatoka tena. Wanaojua malezi ya mbwa watakwambia kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo kitoto cha mbwa kinapojifunza dunia ina nini: watoto, wazee wenye bakora, baiskeli, mizigo, sauti. Asichokiona wakati huo atakitilia shaka ukubwani. Basi mbwa huyo dunia yake ilikuwa tajiri, gari lake na mfanyakazi mmoja anayemrushia ugali kwa woga. Kwa hiyo kila anayefika kwa mguu, na ndoo ya samaki kichwani au gunia la mkaa begani, kwake ni jini. Watu wakasema mbwa wa wenye nazo hubagua masikini. Ni kweli wanabagua, ila ubaguzi huo hawakuzaliwa nao huko Rottweil.

Kanali nilimtoa nje mapema, chanjo zake zilipokamilika. Nilimpeleka Deep Sea asubuhi boti zinapoingia, tukasimama mbali, ajue harufu, kelele, wachuuzi wakigombea ndoo. Watu walinishangaa. Mvuvi mmoja alisema, "Huyu mama anamtembeza mbwa kama mtoto wa chekechea." Ndivyo hasa. Jamaa huyohuyo siku hizi ananiwekea vichwa vya samaki.

Niseme na upande wa koko, kwa sababu dhuluma hii ina ncha mbili. Mwenye Rottweiler anaitwa jambazi. Mwenye koko anaitwa mlevi, mhuni, mtu asiye na kwao. Na koko mwenyewe, siku tangazo la kipaza sauti likipita kwamba mbwa wanaozurura watauawa, ndiye anayekufa, awe ameuma au hajauma. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini sijawahi kusikia ikisomwa kwenye kipaza sauti kilekile. Huyu koko ni mbwa wa zamani kuliko mbegu zote zenye vyeti. German Shepherd ameanza kuandikishwa 1899 tu. Akili ya koko ya kuvuka barabara ya kwenda Pangani saa moja jioni ningetamani Kanali awe nayo.

Kikao chenyewe kilikuja, hatimaye. Jirani mmoja aliomba mtaa uandike azimio kwamba "mbwa wakubwa wa kizungu" wasiruhusiwe. Ukumbi wote ukanigeukia. Sikuwa na haja ya kujitambulisha. Nikaomba nafasi, nikauliza swali moja: katika mbwa wote wa mtaa huu, wangapi wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Kimya. Nikatoa kadi ya Kanali. Nikawaambia kichaa hakiangalii mbegu, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nikawaambia ukiumwa, na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kabla hujafanya lingine, kisha hospitali siku hiyohiyo, na pilipili za kupaka kwenye jeraha ziachwe jikoni. Nikawataja na Pemba, ng'ambo ya pili tu hapa, ambako waliondoa kichaa kwa kuchanja mbwa, kikarudi kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena kikaondoka. Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, na hesabu hiyo haiwezi kufikiwa kwa Rottweiler wa fundi cherehani peke yake.

Azimio halikuandikwa. Liliandikwa lingine, la kumwita bwana mifugo, na mjumbe akapita nyumba kwa nyumba na daftari la mistari kuorodhesha mbwa. Kwenye safu ya aina aliandika koko, koko, koko, ukurasa mzima, halafu Kanali akamwandika "kikubwa". Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakawaandikisha wale watatu wa njiani kwa majina ambayo hakuna aliyejua wanayo. Yule wa sikio lililochanika kumbe ni Waziri.

Siku ya chanjo mbwa waliletwa kwa kamba za manila, kwa vipande vya kanga, mmoja kwa mkanda wa suruali ambayo mwenyewe alikuwa akiishikilia kwa mkono mwingine. Kanali alivaa kizuizi cha mdomo kwa heshima ya foleni, ingawa watu walitupisha nafasi ya kutosha kuegesha daladala. Waziri alimng'ata bwana mifugo kwenye glavu, akachomwa, akatoweka. Mjumbe aliniuliza kama sitamvisha Kanali kile kizuizi kila tunapotoka. Nilikubali kwa saa za watoto kutoka madrasa, nikakataa kwa asubuhi, maana joto la Tanga na mdomo uliofungwa haviendi pamoja, mbwa hupumua joto lake kupitia huko.

Yule jirani wa azimio hajabadili msimamo na simtarajii abadili. Bibi wa nyumba ya pili naye bado hapiti getini kwangu akija kuchukua nguo zake. Nimemtobolea mlango upande wa uani, una komeo kwa nje na kwa ndani, na Kanali hafiki huko. Wiki iliyopita aliniletea kitenge cha harusi ya mjukuu wake, akapimwa huku akiuliza kila baada ya dakika mbili banda limefungwa kweli. Limefungwa bibi, nikamwambia, inua mkono nipime kwapa.